Tabora hadi mdomo wa Malagarasi: safari ya kwenda kuona samaki wanakokulia

Nauza dagaa wa Kigoma hapa Tabora, kwa gunia na kwa sado. Mwaka huu, wakati wa kuchambua, nilianza kuweka kando kila kisichokuwa dagaa: vimigebuka visivyozidi kidole, visamaki vya mawe vyenye mistari, na siku moja kitoto cha sangala chenye mdomo ule ule mpana wa ukoo wake. Sangala mkubwa hubebwa na watu wawili. Huyu alienea kiganjani na nafasi ikabaki. Nikaamua kwenda kuona wanakokulia kabla hawajafika kwenye gunia. Nimeandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi, mwezi Septemba.

Jumanne usiku, stesheni ya Tabora

Treni ilitarajiwa jioni. Saa 4 usiku wakatutangazia imechelewa, bila kusema kwa kiasi gani, na watu wakaanza kutandika kanga sakafuni. Familia moja iliyokuwa inakwenda Kaliua msibani ilinisogezea kona ya mkeka wao bila hata kuniuliza jina. Mama wa familia akaniambia, "Lala dada, mzigo tutaangalia sisi." Nililala kweli. Tulipanda saa 9 usiku.

Kwa atakayefuata njia hii: kata tiketi mapema na uwe na kitambulisho. Nauli ya daraja la tatu haikufika 15,000. Beba maji, shuka na sweta, maana madirisha mengine hayafungi vizuri na baridi ya alfajiri huko porini si ya mchezo. Chakula usihangaike nacho, kitakufuata dirishani.

Jumatano, ndani ya treni

Urambo na Kaliua zilipita nimelala. Kulipokucha, mzee aliyekaa mbele yangu akanisalimu, "Mwangaluka," nikamwitikia na kumpa shikamoo yake. Alifanya kazi reli miaka mingi, sasa amestaafu, anakwenda kumtembelea binti yake Uvinza. Ndiye aliyenifungulia somo langu la kwanza, tena bila kujua ninatafuta nini.

Nguruka akina mama walikuja mbio pembeni ya mabehewa, mabeseni kichwani: perege wa kukaanga, na kambale wa kubanika waliokunjwa duara, mkia umepitishwa mdomoni. Nilinunua kambale watatu kwa 5,000. Mzee akavunja mmoja, akanionyesha kwa kidole nje upande wa mbuga. Akasema masika mto ukifurika, maji huingia kwenye majani, na kambale huondoka mtoni kwenda kutaga huko huko majanini, kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu. Vifaranga huanguliwa ndani ya nyasi zilizozama, wakila wadudu na vijidudu vya maji, na maji yanapopungua wanateremka mtoni na kwenye mabwawa. "Mbuga ikilimwa yote," akasema, "hawa akina mama watauza mihogo."

Sehemu hiyo ina hadhi kubwa ambayo wengi tunaopita kwa treni hatuijui. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwezi Aprili 2000, ya kwanza kwa Tanzania, na ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Mto wenyewe unatoka milimani mpakani na Burundi, unazunguka kwa mapana kabla ya kugeukia magharibi, na unakwenda kilomita zipatazo 475 hadi Ziwa Tanganyika. Njiani unapita kwenye mabwawa na mafunjo yanayopunguza mwendo wa maji na kuyafanya yaache sehemu ya tope lake. Kwa hiyo maji yanayofika ziwani yamekwishachujwa njiani, na hilo lina maana kubwa huko chini, kama nilivyokuja kuona.

Uvinza nikanunua chumvi, mzee akashuka. Kutoka hapo ni vilima, michikichi, na joto. Kigoma tuliingia alasiri. Stesheni ni ile ile ya Wajerumani, reli ilifika hapa 1914, na ukishuka tu unaliona ziwa chini ya mji.

Nilipata chumba mtaa wa Mwanga kwa 25,000, safi, chenye feni. Usiku nilikula ugali wa muhogo na mgebuka aliyepikwa kwa mawese, na isombe (kisamvu) pembeni. 6,000, na mama wa mgahawa akaniongeza mchuzi mara mbili.

Alhamisi, mwalo wa Katonga

Bodaboda saa 11 alfajiri, 3,000. Ukichelewa hapa umekosa yote. Vipe vilikuwa vinaingia kimoja kimoja: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati, taa zimezimwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, kwa hiyo ukitaka kuona kazi, panga tarehe zako kwa kuangalia mwezi.

Dagaa wabichi wa Tanganyika sijui niwaelezeje kwa mtu anayewajua wakavu tu. Ubavuni wana mstari wa fedha unaobadilika rangi ukiwageuza, na mgongo wao unapitisha mwanga. Niliinama juu ya beseni nikasahau kusalimia. Mama mmoja mwenye chanja zake akaniita, "Mwanangu, njoo huku utakanyagwa." Nikamwamkia, nikamweleza biashara yangu na nilichokuja kutafuta. Akaketi nami tukachambua pamoja.

Alinitengea mafungu. Dagaa wenyewe. Lumbu, ambaye ni ndugu wa dagaa lakini akikua anamzidi. Migebuka wachanga, wembamba, meno tayari. Na katika beseni hilo hapakuwa na mtoto wa sangala hata mmoja. "Wa sangala hawatoki huko kwenye kina," akasema. "Ukiwaona kwenye gunia lako ujue kuna mtu amekokota pwani."

Afisa uvuvi aliyekuwa zamu mwaloni alinifafanulia vizuri zaidi, na alikuwa mvumilivu na maswali yangu. Dagaa hutaga kwenye maji ya wazi, lakini wachanga husogea karibu na nchi kavu, wakikua ndipo hurudi kilindini. Lumbu huzalia karibu na pwani na watoto wake hubaki hapo. Migebuka hukulia maji ya wazi, ndiyo maana hunaswa pamoja na dagaa. Sangala na jamaa zake wakubwa ni kinyume chake: utotoni hujificha kwenye majani ya maji ya pwani, ndani ya matete na magugu yaliyozama, na hawatoki humo mpaka wamepata mwili wa kujitetea.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa ziwa hili. Lina urefu wa kilomita 670 na kidogo, na kina chake kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Tumezoea kujivunia kina hicho. Lakini chini ya mita 100 hadi 200 hivi hakuna oksijeni, samaki hawaishi. Na kwa kuwa kingo zake ni milima inayoshuka moja kwa moja majini, maji mafupi ambayo mtoto wa samaki anaweza kupata joto, chakula na pa kujificha ni utepe mwembamba tu, na sehemu kubwa ya utepe huo ni mawe au mchanga mtupu. Majani yanapatikana kwenye ghuba chache na kwenye midomo ya mito. Ziwa lote hili kubwa linalea sehemu kubwa ya watoto wake kwenye maji ya magotini.

Kule pwani ya bahari jambo hili linafahamika kiasi. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, wanakua humo kisha wanarudi baharini, na changu wengi hupitia utoto wao kwenye nyasi za bahari. Watu wanapanda mikoko, viongozi wanapiga picha na miche. Ziwa Tanganyika halina mikoko. Kazi hiyo inafanywa na matete, mafunjo na magugu, na sijawahi kusikia mtu akipanda matete.

Tulizungumza pia kuhusu kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mimi biashara ilinibana sana miezi ile, sitaficha, na bado nasema ilikuwa sawa. Ila baada ya safari hii naona tumefunga chumba cha wazazi na kuacha mlango wa chumba cha watoto wazi mwaka mzima.

Ijumaa, Ujiji na bonde la Luiche

Daladala kutoka mjini hadi Ujiji ni mia chache tu. Nilipita kwenye makumbusho ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, nikaona miembe, nikaendelea. Aliyenivutia zaidi ni kijana wa baiskeli aliyekubali kunipeleka hadi bonde la Luiche kwa 5,000 na kunisubiri. Alipoona napiga picha majani akaacha kunishangaa, akaanza kunionyesha mwenyewe.

Mto Luiche unaingia ziwani kusini ya Ujiji. Hapa zamani, wenyeji wanasema, matete yalikuwa yanaziba hata kuona maji. Sasa mpunga, bamia na mchicha vimefika ukingoni kabisa, na penye matete yaliyobaki kuna alama nyeusi za moto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nilipiga hatua kutoka kwenye tuta la mwisho la mchicha hadi majini na hatua hizo zilikuwa chache mno. Sina neno na mwenye tuta. Alinipa fungu la mchicha bure na kuniambia ardhi ya juu imejaa, watoto ni wengi, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka hii yameshamla robo ya shamba. Nilimuelewa. Lakini matete yaliyochomwa hayakuwa ya mtu mmoja.

Mbele kidogo vijana watano walikuwa wanavuta kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni. Kokoro limepigwa marufuku na kila mtu pale analijua hilo. Katikati ya wavu walikuwa wameshonea chandarua cha kitandani. Walipolifikisha mchangani nikaomba nione. Magugu mengi, tope, konokono, kisha chini kabisa rundo linaloruka ruka la samaki wadogo. Nilichota kiganja kimoja na kuhesabu nilichoweza kukitambua: ngege, lumbu, vile vya mistari, na sangala wawili wenye mabaka ya kahawia, hai bado, vifuniko vya mashavu vikifunguka na kufunga. Ndoo moja waliiuza palepale kwa 4,000, nyingine ikaenda kulisha bata. Nilifikiria bei ya sangala mmoja aliyekomaa sokoni Tabora na nikakosa la kusema. Kijana wa baiskeli aliniambia kwa upole, "Twende dada, jua linazama."

Ushauri: Luiche usiende peke yako na usiingie majini. Kuna mamba, na maji yaliyotuama pembeni ya ziwa yana kichocho. Vaa viatu vya mpira.

Jumamosi, njia ya Ilagala

Noah ya kwenda Ilagala inajaa ndipo iondoke, na kujaa kwake kulichukua asubuhi nzima. Nauli 7,000. Baada ya Simbo tukakuta lori la mawese limelala upande katikati ya njia. Abiria wote tulishuka. Wanaume wakasukuma, sisi wanawake tukashusha madumu, tukayapanga, tukayapakia tena. Mwenye lori alimpa kila mmoja wetu chupa ya nusu lita iliyojaa mawese. Hatukumdai chochote.

Tulifika jua linatua na nyumba ya wageni niliyoelekezwa ilikuwa imefungwa kwa msiba. Mama aliyekuwa amekaa nami kwenye Noah, muuza unga wa muhogo, akasema nisitafute tena. Nililala kwake, chumba kimoja na binti zake, nikala ugali, dagaa na mawese yangu ya lori. Usiku ule ule alimtuma mtoto kwa baba yake mkubwa, mvuvi wa siku nyingi, aje kusikia ninachotaka. Mzee alikuja, akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Unataka kuvua au kuangalia?" Nikamwambia kuangalia. Akasema niwe tayari saa 11.

Jumapili, mdomo wa Malagarasi

Kwa mtumbwi, mzee na kijana wake wa pondo, nililipa 40,000 hadi saa 6 mchana. Mzee hakutaja bei, mwenyeji wangu ndiye aliyeipanga, nami niliona ni ya haki. Lazima utoke mapema kwa sababu upepo ukianza, mdomoni pana mawimbi mabaya.

Mto hapa ni mpana, maji ya kijani kizito kuelekea kahawia. Pande zote mbili matete yamesimama marefu kuliko mtu, nyuma yake mafunjo, na mnandi wamekaa wakikausha mabawa. Mzee alituongoza upande mmoja kwa makusudi. Upande wa pili, akasema, ndiko viboko wanakopandia usiku. Tuliwaona mbele, masikio tu juu ya maji, tukasubiri mpaka waliposogea wenyewe. Mamba mmoja alituachia ukingo bila haraka.

Kisha tukaingia kwenye mfereji mwembamba ndani ya matete na kelele ya mto ikakatika. Kijana akaacha pondo. Maji yalikuwa safi ajabu, joto mkononi, na chini yake magugu laini yamesimama wima. Mzee alichukua beseni jeupe nililokuja nalo, akalizamisha taratibu pembeni ya shina la tete, akaliinua.

Mwanzoni niliona maji tu. Baadaye macho yakazoea. Kulikuwa na kamba wadogo wasio na rangi, nikiwatambua kwa macho yao meusi. Kulikuwa na vifaranga vidogo kama punje za ulezi, vyenye doa la kiini cha yai tumboni. Na kwenye kipande cha gugu kilichoingia pamoja nao alikuwepo mtoto wa sangala, urefu wa kucha mbili, amejibanza kwenye shina kiasi kwamba mabaka yake na kivuli cha gugu vilikuwa kitu kimoja. Nilipopitisha mkono juu, macho yake yaliufuata. Mwili haukutikisika. Mzee akarudisha kila kitu majini kwa upole ule ule.

Mita chache mbele, kwenye kiraka cha mchanga, alininyooshea kidole. Ngege jike alikuwa amesimama juu ya wingu la watoto wake. Kijana akainua pondo, kivuli kikapita, na wingu lote likaingia mdomoni mwa mama kwa mkupuo mmoja. Tukakaa kimya. Akaanza kuwatema tena, wachache kwanza, wengine baadaye, huku akirudi nyuma kidogo kidogo. Ngege hubeba mayai mdomoni mpaka yanaanguliwa, na hata baada ya hapo watoto wana pa kukimbilia, mradi mama apate maji mafupi yenye utulivu ya kuwafungulia. Kokoro likipita hapo linamchukua mama na mdomo wake uliojaa.

Nilimuuliza mzee kwa nini hapa na si kwingine. Akaeleza kwa mpangilio wake: samaki mkubwa hawezi kugeuka ndani ya matete, wimbi la ziwa linafia nje, na mto unaleta chakula. Hakuna aliyemfundisha darasani, na kila neno linalingana na nilivyoelezwa Katonga. Alichoniongezea ni cha hapa tu. Tulipotoka mdomoni hadi ziwani, mahali maji ya mto yanapokutana na bluu ya ziwa na kuacha mstari unaouona kwa macho, kijana aliendelea kuchoma pondo na pondo likaendelea kugusa chini. Mbali, mbali kabisa na ufukwe, bado lilikuwa linagusa. Mto umetandika mchanga na tope lake kwa maelfu ya miaka na kujenga uwanda wa maji mafupi katika ziwa ambalo kwingine linadidimia mara moja.

Mto huu una jambo jingine. Wanasayansi wanaona ni mkongwe kuliko ziwa: kabla bonde la ufa halijafunguka, maji yake yalitiririka hadi Kongo, ndiyo maana ndani yake wapo samaki wenye ndugu zao kule. Mzee alinieleza juu ya mmoja mwenye madoa na mistari, akiguswa hujivimbisha mpaka anakuwa mpira. Watoto wa kijijini wanamfahamu sana, na hakuna anayemla.

Si kwamba yote ni mazuri. Upande wa kusini tuliona moshi, mtu anasafisha matete apande mahindi ya kiangazi. Na kwenye mfereji wa tatu tulikuta wavu umefungwa kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna njia ya samaki kupita. Mzee aliufungua ncha moja na kuuweka ukingoni. Akaniomba nisiupige picha, kwa kuwa anamjua mwenye wavu na angependa kwenda kuzungumza naye mwenyewe jioni.

Jumatatu, Ilagala hadi Kigoma

Asubuhi nilikaa na watu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile wanachokiita BMU. Wamekubaliana kijijini kuacha mifereji miwili bila kuvuliwa kabisa, na wameichomekea miti. Shida ni kwamba miti inang'olewa kwa kuni na wageni wanaokuja kutoka mialo mingine wanadai hawakuona alama. Doria ni ya mtumbwi wa kupiga kasia, wakati wanaovunja utaratibu wana injini. Niliwauliza wananufaika nini. Mwanamke pekee kwenye kikao akajibu kwamba tangu mfereji mmoja uachwe, watu wa ndoano wanaokaa nje ya mdomo wake wanapata ngege wakubwa, na wenyewe ndio sasa wanaoulinda.

Kurudi Kigoma hapakuwa na la kusimulia, ila vumbi.

Jumanne, ufukwe wa Jakobsen

Nilitaka kuona pia samaki wasiohitaji majani. Ufukwe huu uko upande wa Katonga, una kiingilio, maji yake yanaonyesha mpaka chini. Nilikodi miwani ya kuzamia, nikalala kifudifudi juu ya maji.

Kwenye mawe kila samaki ana nyumba. Kwenye mchanga, jozi ya kuhe, manjano yenye mabaka meusi, ilikuwa inazunguka kundi la watoto wao na kumfukuza kila anayekaribia, nikiwemo mimi. Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo wake duniani, ukoo wenye aina zipatazo 240 katika ziwa hili, karibu zote zikiwa haziko mahali pengine popote. Baba na mama wote wanalinda. Wapo wengine wadogo wanaotagia ndani ya makombe matupu ya konokono, na yupo gogogo anayepenyeza mayai yake kwa samaki wanaobeba mayai mdomoni, kisha watoto wake wanawala watoto wa mwenye mdomo. Nilikuwa nimeambiwa habari hiyo Katonga nikadhani ni hadithi, lakini ni kweli na imechunguzwa.

Kinachowaumiza hawa ni udongo. Mlima ukikatwa miti, mvua inashusha tope linaloziba mianya ya mawe na kufunika makombe. Upande wa kaskazini wa ghuba nilipoangalia, vilima vilikuwa vyekundu.

Jumatano na baada ya hapo

Nilirudi kwa basi, Kigoma hadi Tabora kupitia Uvinza na Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi, lililofunguliwa 2015. Safari ya mchana kutwa. Beba chakula, vituo vya kula ni vichache.

Nimezungumza na wanaonipelekea mzigo. Gunia litakalokuwa na watoto wa sangala au ngege silipokei tena, na wawili wamekubali bila ubishi. Wa tatu tumeachana. Wateja wangu nao nawaonyesha picha ya lile beseni jeupe kwenye simu.

Kwa atakayekwenda Ilagala: nenda kati ya Agosti na Oktoba, maji yakiwa safi na njia ikiwa kavu. Ulizia BMU kwanza, usikodi mtumbwi kienyeji. Nao wanahitaji vitu vitatu ambavyo mtu anaweza kubeba kwenye basi: rangi nyeupe ya mafuta, madumu matupu ya lita 20 ya kufanya maboya ya alama kwenye mifereji iliyoachwa, na kamba ya nailoni ya kuyafunga. Madumu mimi ninayo kumi na mawili hapa dukani, yameoshwa, yanasubiri mtu anayeelekea huko.